Mwale Uliokata Kona

Sanduku lilifunguliwa saa tatu asubuhi, Ijumaa ya tarehe 15 Machi 1946, juu ya meza ya Inspekta Harwood katika kituo cha polisi cha Arusha. Inspekta mwenyewe alisimama karibu na mlango kuliko ilivyo kawaida ya mtu aliye ofisini mwake. Aliyekata kamba kwa kisu alikuwa Sajini Kasaine wa upelelezi, Mwarusha wa Sokon, mtu mrefu mwenye maneno machache.

Ndani mlikuwa na koili ya waya wa shaba, swichi ya mbao, na vipande saba vya kioo vilivyofungwa kwa pamba: kimoja kama kijiko, kingine kama reki, kingine kama uyoga. Chini kabisa palikuwa na kipande cha gazeti la Kiingereza kilichokunjwa mara nne.

"Soma," alisema Harwood.

Kasaine alisoma polepole. Gazeti lilieleza habari za mvumbuzi mashuhuri wa mambo ya umeme, Tesla, aliyefariki Amerika miaka mitatu nyuma. Enzi za uhai wake alijigamba kwamba amebuni mwale wa kuangusha ndege elfu kumi angani kwa mara moja. Alipokufa, maofisa wa serikali walizichukua karatasi zake. Gazeti liliishia hapo. Watu wa Arusha hawakuishia hapo.

Tangu mji wa Japani uteketezwe kwa bomu moja, hapakuwa na jambo lisilosadikika. Mtaani palikuwa na habari namna tatu. Ya kwanza: Tesila, kama walivyomwita, hakufa, amefichwa. Ya pili: alikufa, lakini Waingereza na Waamerika wameuficha mwale wake ili wautumie wao peke yao. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyomponza mtu, ni kwamba sanduku moja liliponyoka, likapita Urusi na Uajemi na wakimbizi wa Kipolandi, likashukia Tengeru, na sasa limo mikononi mwa Kalasinga mmoja fundi wa redio. Juzi, katika malisho ya Momela, ng'ombe kumi na mmoja walikutwa wamekufa, na majani yameungua kwa mstari mmoja mrefu, kana kwamba mtu amepitisha pasi.

"Mlete," alisema Harwood.

Avtar Singh aliletwa kutoka mahabusu. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa vizuri ingawa alikuwa amelala sakafuni siku mbili.

"Jina lako kamili?" aliuliza Kasaine.

"Sajini, unalijua. Mwaka jana nilikutengenezea dainamo ya baiskeli."

"Mimi nalijua. Karatasi hailijui."

"Avtar Singh, mwana wa Kartar Singh. Fundi."

"Sanduku hili la nani?"

"La Bibi Halina, Mpolandi wa kambini Tengeru. Mumewe alikuwa daktari, alifia njiani Uajemi. Bega la huyu mama linamsumbua, akaniomba nimfufulie mashine ya marehemu."

"Mashine ya kufanya nini?"

"Kutibu maumivu ya viungo. Inatoa mwanga wa zambarau na mchonyoto kidogo. Kama inaponya, sijui. Ninalojua ni kwamba haiui."

"Na gazeti hili?"

"Koili ya namna hii aliibuni huyo mzee. Namheshimu, ndiyo maana nikaikata habari yake nikaitunza." Avtar alitazama ukutani, mahali ilipotundikwa picha ya Mfalme. "Mtu akiweka picha ya Mfalme, naye anakuwa mfalme?"

Harwood alikohoa.

"Jumatatu ulikuwa Momela," alisema Kasaine.

"Bwana Cobley, msimamizi wa lile shamba la Mjerumani lililochukuliwa na serikali, aliniita nikamtengenezee jenereta. Nilifika asubuhi, nikaondoka saa nane. Sanduku lilikuwa garini. Aliuliza ni nini, nikamwonyesha. Na gazeti akalisoma."

Kasaine akachomeka waya kwenye soketi ya taa ya Inspekta, akachagua kile kioo chenye umbo la uyoga, akabonyeza swichi. Koili ililia kama nyuki waliofungiwa kwenye mzinga. Ndani ya kioo mwanga wa zambarau ulijikunjakunja.

"Sajini!" Harwood alisema, tayari ameshika kitasa.

Kasaine alikigusisha kioo kwenye kiganja chake. Vicheche vidogo viliruka. Alikisogeza hadi kwenye kifundo cha mkono, akakaa nacho huku akihesabu kimoyomoyo hadi sitini. Ilikuwa kama kutembelewa na siafu wasiong'ata. Akazima, akamwonyesha Inspekta kiganja. Kilikuwa na wekundu mdogo, basi.

"Mwale huu haukuua hata inzi, Afande."

Harwood alirudi mezani na kukaa. "Hata hivyo ng'ombe kumi na mmoja wamekufa. Na nina barua ya Cobley, na nina simu kutoka Nairobi. Kesho saa kumi jioni kapteni wa jeshi anakuja kumchukua fundi wako. Akishaondoka naye, si wewe wala mimi tutakaojua anapelekwa wapi. Watu wa Momela nao wanasema wakimpata kabla ya kapteni watamchoma pamoja na duka." Alisukuma barua mezani. "Nakupa hadi kesho mchana."

Nje, kwenye ngazi za kituo, mwanamke aliyejitanda shela nyeupe aliinuka Kasaine alipopita. Alikuwa Paramjit, mke wa Avtar. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani.

"Bwana Sajini. Yeye iko hai?"

"Yu hai, mama. Amekula."

"Asante," alisema, na akaketi tena palepale.

Kasaine alilichukua lori la polisi na dereva wake. Tengeru hakukaa zaidi ya robo saa. Bibi Halina, mwanamke mwembamba mwenye nywele za mvi, alitoa cheti cha udaktari cha mumewe, na orodha ya forodha ya Uajemi ambamo mashine ilitajwa pamoja na vile vioo saba. Kasaine alivihesabu kwenye orodha, akaandika. Jambo la sanduku likawa limekwisha. Lakini sanduku halikuwa ndilo swali. Swali lilikuwa ng'ombe.

Alifika Momela saa saba na nusu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi kifuani. Saruni, mwenye ng'ombe, alimsubiri akiegemea mkuki, na nyuma yake walikuwapo wanaume kama ishirini.

"Umekuja peke yako?" aliuliza Saruni. "Kalasinga yuko wapi?"

"Yuko mahabusu. Nimekuja kwa ng'ombe kwanza. Pole sana, ndugu yangu."

Neno hilo lilimpoza Saruni kidogo. Wote wawili walijua kwamba kumpoteza ng'ombe si kupoteza nyama.

"Niambie walivyokufa."

"Waliuawa. Mwale uliwapiga wakaanguka."

"Uliwaona wakianguka?"

"Niliwakuta asubuhi ya Jumatano, kabla ya kukamua."

"Jumanne jioni walirudi vipi?"

Saruni alifikiri. "Wakitembea. Ila hawakucheua. Walikuwa wanasaga meno. Na walikuwa wanaharisha vibaya, zizi zima lilinuka, nikawatoa wakalala nje malishoni."

"Wote arobaini ulio nao?"

"Hao kumi na mmoja tu. Wengine walikuwa wamenyweshwa juu, kijitoni. Hawa walitangulia, wakanywa kwenye hori la chini."

Kasaine aliandika: *walikufa polepole*. Kisha akaandika tena, na kupiga mstari chini yake: *hori la chini*.

Mizoga ilikuwa bado malishoni, maana hakuna aliyethubutu kuila wala kuigusa. Kasaine alifunga leso puani, akaizunguka. Hatua kumi kutoka kwenye mzoga wa kwanza alimkuta tai amelala kifudifudi, mabawa wazi. Mbele kidogo walikuwapo wengine wawili. Fisi mmoja alikuwa amejikunyata chini ya kichaka, ulimi nje, amekufa.

"Hawa nao walipigwa na mwale?" aliuliza.

"Mwale unakaa kwenye nyama," alisema mtu mmoja kundini.

"Nani kakuambia?"

Mtu huyo hakukumbuka.

Wakamwonyesha ule mstari. Kasaine alikiri kwamba ulitisha. Majani yalikuwa yamekauka na kuwa kahawia kwa upana wa hatua mbili, na pande zote mbili nyasi za masika zilikuwa zinachipuza kijani kibichi. Ulianzia karibu na hori na kupanda kuelekea majengo ya shamba. Kwa macho ya mtu aliyesimama horini, ulikuwa umenyooka kama mkuki.

"Una shaka gani tena?" alisema Saruni.

"Ana shaka kwa sababu ana macho," ilijibu sauti ya mwanamke.

Alikuwa mama mtu mzima, amebeba mzigo wa majani ya ndama mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka kwenye maboma ya bondeni.

"Shikamoo, koko," alisema Kasaine, akimwita bibi kwa Kimaasai.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Anyesi. Nimekaa siku mbili nikiwaambia hawa wanaume, lakini mwanamke mwenye majani mgongoni anadhaniwa hana kitu kichwani."

Baadhi yao walicheka. Saruni hakucheka.

"Niambie mimi," alisema Kasaine, akamsaidia kuutua mzigo.

"Vyura," alisema Anyesi. "Mfereji unaotoka shambani unapita nyuma ya boma langu. Masika yakianza vyura hupiga kelele hata usisikie kanisa likiimba. Jumanne walinyamaza. Jumatano nikaona wanaelea. Nikawakataza wote wa bondeni, maboma saba, wasichote pale. Tunapanda hadi kwenye chemchemi, mbali, na wananitukana kila siku."

"Hakuna aliyeugua?"

"Mjukuu wangu Simaloi alikunywa Jumanne kabla sijajua. Funda moja. Alitapika siku nzima. Nilimpa maziwa, akatapika, nikampa tena. Leo anakimbia."

Kasaine aliiweka kalamu.

"Koko, Mungu akubariki. Huo mfereji unapita wapi?"

"Umesimama juu yake," alisema Anyesi.

Wote walitazama chini. Chini ya majani makavu palikuwa na kibonde kidogo, kama alama ya kidole kwenye ugali. Kasaine alianza kutembea. Alipanda na mstari wa kahawia huku kundi zima likimfuata. Hatua mia mbili juu, penye jiwe kubwa jeusi, mstari ule uliotoka horini umenyooka ulikata kona. Ulilizunguka jiwe, ukashuka kidogo, ukapanda tena kufuata mwinamo wa ardhi.

Kasaine alisimama. "Saruni. Umewahi kuona jua likizunguka jiwe?"

"Hapana."

"Tochi je? Radi?"

"Hapana."

"Mwale haukati kona. Nini kinachofika kwenye jiwe kikalizunguka?"

Saruni aliangalia lile jiwe kwa muda mrefu.

"Maji," alisema.

Mstari uliwafikisha nyuma ya mazizi ya shamba, kwenye josho la zamani la kuogeshea ng'ombe. Bwana Cobley alitoka upesi akifunga vifungo vya shati, uso umemwiva kwa jua.

"Sajini, hawa watu watoke katika shamba la serikali."

"Watatoka, Bwana. Naomba kuuliza kuhusu josho."

"Halijatumika tangu Wajerumani waondolewe mwaka 1939. Kavu kabisa."

Kasaine aliteremka ngazi za josho. Chini palikuwa na tope, na tope lilikuwa laini. Ukutani, usawa wa kifua chake, palikuwa na mstari wa maji, na chini yake simenti ilikuwa na rangi ya giza ambayo bado haijakauka. Penye tundu la kutolea maji, kizibo cha mbao kilikuwa kimeng'olewa, na alama za mtaimbo zilikuwa mpya. Kutoka tunduni hadi mferejini hapakuwa hata na hatua tano.

"Ulikuwa na dawa ya kupe humu," alisema kutoka chini. "Arseniki, sumu. Lini uliifungulia?"

"Nimekwambia ni kavu."

"Niliambiwa pia kwamba ulimwandikia Inspekta." Kasaine alipanda, akaitoa barua mfukoni. "Umeandika: ng'ombe kumi na mmoja wa Saruni wameuawa kwa mashine ya fundi wa Kisingasinga. Barua ya Jumanne tarehe kumi na mbili. Saruni, ng'ombe wako walikufa lini?"

"Jumatano alfajiri," alisema Saruni taratibu.

"Jumanne walikuwa hai. Wagonjwa, lakini hai. Na katika arobaini, Bwana alijua watakaokufa ni kumi na mmoja. Angejuaje, isipokuwa aliwahesabu wakinywa?"

Wanaume ishirini walikuwa wamegeuza macho, na mikuki ilikuwa imeanza kugeuka pamoja na macho. Kasaine alisogea akasimama kati yao na yule Mzungu.

"Bwana Cobley," alisema, sasa kwa sauti ya chini, "bondeni kuna maboma saba. Sitaki kujua kitu kingine kwanza ila hiki: dawa iliisha yote, au imebaki?"

Mabega ya Cobley yalianguka.

"Mapipa mawili," alisema. "Ghalani. Wakaguzi walikuwa wanakuja, niliambiwa nisafishe. Ilikuwa nichimbe shimo. Niliwaona wale ng'ombe horini… nilikuwa nimekwisha fungulia. Nilidhani mvua itasafisha." Akaangalia pembeni. "Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Mshukuru yule mama mwenye majani. Nawe utamshukuru mbele ya Inspekta."

Jioni ile hawakupumzika. Saruni na wenzake, ambao asubuhi walitaka kwenda kuchoma duka, walijenga matuta ya udongo kuuziba mfereji juu na chini, wakazika mizoga pamoja na tai na fisi. Kasaine alijaza chupa tatu, moja kutoka joshoni, moja kutoka horini, moja nyuma ya boma la Anyesi, akazibandika majina na kuzitia lakiri. Mapipa mawili yalipakiwa kwenye lori. Cobley alikaa mbele na dereva, na hakuna aliyemgusa.

Jumamosi asubuhi, bwana mifugo wa Arusha alitia tindikali na zinki katika sehemu ya kila chupa, akaiwasha gesi iliyotoka, akaukinga moto wake kwa kibakuli cheupe. Mara tatu kibakuli kilipata doa jeusi linalong'aa. "Arseniki," alisema, "na ya kutosha." Alipoambiwa kwamba maboma saba yalikatazwa kuchota tangu Jumatano, alivua miwani akaifuta.

Saa sita Harwood alipeleka simu Nairobi. Kapteni hakuja. Cobley aliandikiwa mashtaka, na shamba likaamriwa kumpa Saruni mitamba kumi na mmoja kutoka kwenye kundi lake.

Avtar alipofunguliwa alitaka kumshika Kasaine miguu. Kasaine alirudi nyuma.

"Usinishukuru mimi, fundi. Mimi nilifuata majani tu. Aliyefumbua kesi hii yuko Momela, na hakuna aliyemwambia neno la shukrani."

Avtar alimweleza mkewe kwa Kipunjabi. Paramjit alijibu kwa neno moja, akajifunga shela upya.

"Anasema, twende," alisema Avtar.

"Lini?"

"Anasema sasa."

Walikwenda kwa gari bovu la fundi, Kasaine akiwa katikati ya vipuri. Jua lilikuwa limetoka, na kwa mara ya kwanza wiki ile Meru ulionekana wote. Anyesi alikuwa nje ya boma akimenya ndizi, na Saruni alikuwa amekuja kumpa habari za mitamba. Alipomwona mwenye kilemba akishuka, Saruni alisimama. Wanaume hao wawili walitazamana.

"Nilikuwa nimekwisha chukua mafuta ya taa," alisema Saruni. "Usidhani nilitania."

"Najua," alisema Avtar. "Mke wangu alikuwa amekwisha hamisha vyombo."

Saruni alimpa mkono. Avtar aliupokea kwa mikono miwili.

Paramjit alipita katikati yao, akaenda moja kwa moja hadi kwa Anyesi. Alikuwa amejiandalia maneno ya Kiswahili njia nzima, akiyarudia kwa sauti ndogo, na sasa yote yalimtoroka. Alisimama mbele ya yule mama, machozi yakimtiririka, na neno lililobaki ni lile moja.

"Asante," alisema. "Asante. Asante."

Anyesi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia Kasaine.

"Mmetoka Arusha hadi hapa kuleta neno hilo tu?"

"Hilo tu, koko."

Mama yule alifuta mikono kwa kanga, akavuta kigoda kilichokuwa karibu na kukipangusa vumbi.

"Basi mwambieni akae," alisema. "Asante ya kusimama haifiki."

Paramjit hakungoja kutafsiriwa. Alikaa, akachukua kisu, akashika ndizi ya kwanza.